Mzee, nyundo ya mashine na maswali matatu ya kaunta ya leza

Foleni ilikuwa ya watu wawili tu, mzee mmoja na mimi nyuma yake, kwenye karakana ya kukata vyuma kwa leza hapa Dar es Salaam. Kwapani alikuwa amebana kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alipofika kaunta akakifungua: nyundo ya mashine ya kusaga nafaka, kile kipande cha chuma bapa chenye tundu upande mmoja, kona zimelika mpaka zimekuwa duara kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka kama hii, ishirini na nne."

Kijana wa kaunta akaigeuza mara moja mkononi, kisha maswali matatu yakatoka kwa mpigo. "Unene gani? Faili la DXF unalo? Tukukatie kwa oksijeni au kwa nitrojeni?"

Mzee akamtazama kijana, akaitazama nyundo yake, akamtazama tena kijana. "Si hii hapa unaiona?"

Nilicheka kimoyomoyo, maana na mimi nilianzia hapohapo. Kazi yangu ni kuunda mashine za kupukuchua mahindi na za kuchanganya chakula cha mifugo, na siku hizi vipande vyangu vingi vinapita kwenye leza. Fundi wa mkono wa mtaa wa Gerezani ukimpelekea sampuli iliyolika, anajua imelika. Anaongeza pale palipopungua, na pengine hata hakuambii. Leza haiongezi kitu. Ukiipa mchoro wenye kona zilizolika itakukatia vipande ishirini na vinne vyenye kona zilizolika, vyote vikifanana kwa tofauti isiyozidi unene wa karatasi. Akili iliyokuwa ikikaa mikononi mwa fundi sasa inabidi ikae kwenye mchoro kabla mwanga haujawashwa. Maswali ya yule kijana, pamoja na moja la nne ambalo hakuliuliza, ndiyo njia ya kuihamisha.

Mwanga unayeyusha, gesi inakata

Nianze na swali lake la mwisho, kwa sababu ndilo linalowatisha wateja na ndilo linaloeleza mengine yote.

Mwanga wa leza peke yake haukati pleti. Mashine ya kilowati 3 inatoa nguvu ambayo majiko mawili ya umeme ya kupikia yanaifikia. Ajabu iko kwenye lenzi: nguvu yote hiyo inakusanywa kwenye nukta yenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kama unywele. Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,500 hivi za selisiasi, na hapo kwenye nukta kinafika huko kufumba na kufumbua. Lakini chuma kilichoyeyuka kikiachwa kitaganda palepale kilipo. Kwa hiyo gesi inapulizwa kupitia pua ndogo ya shaba, inashuka pamoja na mwanga, na kuusukuma ule uji wa moto utokee chini ya pleti. Uji ambao haukutoka vizuri unagandia ukingo wa chini. Hayo ndiyo mavi ya chuma ambayo utayapiga grenda jioni nzima ikiwa karakana ilikosea kuweka presha au kasi.

Oksijeni inafanya zaidi ya kusukuma. Chuma cha kawaida kilichopata moto kikikutana na oksijeni safi kinaungua, kama kuni zinavyoungua, na kule kuungua kunatoa joto lake lenyewe. Kwenye pleti nene sehemu kubwa ya kazi inafanywa na moto huo, na leza inabaki kuwa kiberiti na mwongoza njia. Fundi yeyote aliyewahi kukata chuma kwa mtungi wa gesi anaijua kanuni hii, ila yeye alikuwa akipasha kwa ndimi za asetilini. Wazo la kuunganisha oksijeni na mwale wa leza lina umri wa kutosha: mwaka 1967, Peter Houldcroft wa taasisi ya utafiti wa uchomeleaji karibu na Cambridge, Uingereza, alikata hivyo bati la chuma la milimita 1. Leza yenyewe ilikuwa na miaka saba tu wakati huo, tangu Theodore Maiman alipoiwasha ya kwanza huko California mwaka 1960.

Gharama ya oksijeni inaonekana baadaye. Ukingo unabaki na gamba jembamba la rangi ya kijivu iliyokolea, ambalo ni chuma kilichoungua. Ukipaka rangi juu yake, rangi inashika gamba na haijashika chuma. Miezi michache mbele gamba linabanduka na kuondoka na rangi. Ukikuta kiti au geti limeota kutu kwenye kingo tu huku katikati kunang'aa, mara nyingi chanzo ni hicho. Dawa yake ni msasa au grenda kabla ya rangi, na hiyo ni saa ya mtu ambayo haimo kwenye bei uliyopewa kaunta.

Nitrojeni haichomi. Inasukuma tu, na ndiyo maana inahitaji presha kubwa, mara tano hadi kumi ya presha ya tairi la gari dogo, wakati oksijeni ya kukatia pleti nene inapulizwa taratibu mno. Mitungi inaisha haraka na bei inapanda. Kwa malipo hayo unapata ukingo unaong'aa kama fedha, usiohitaji kuguswa kabla ya kuchomelea au kupaka rangi. Kwa stenlesi hakuna mjadala, omba nitrojeni. Stenlesi iliyokatwa kwa oksijeni inatoka na kingo nyeusi, na kinga yake ya kutu imeharibika palepale ulipopita mwale. Sasa fikiria hicho ni kifuniko cha pipa la maziwa.

Kuna njia ya tatu ambayo kaunta nyingi haziitaji mpaka uulize: hewa. Hii tunayovuta ni nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21, na kompresa yenye kikaushio kizuri inaitoa kwa bei ya umeme tu. Ukingo unatoka na rangi ya kijivu, unakwaruza kidogo. Kwa bati la milimita 1 mpaka 3 la chuma cha kawaida litakalochomelewa na kupakwa rangi, mimi huagiza hewa na sijawahi kujuta.

Unene: achana na geji

Swali la unene linaonekana la mtoto, lakini ndilo lililoharibu oda nyingi. Madukani tunauziana bati kwa geji, yaani namba ya unene. Geji 16 ya vipimo vya Kiingereza ni milimita 1.6, geji 16 ya Marekani ni kama milimita 1.5, na bati lenyewe linalouzwa kwa jina hilo linaweza kuwa jembamba kuliko zote mbili. Mashine inapangwa kwa milimita. Beba vernia, kile kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita, pima bati lenyewe pembeni mahali pasipo na rangi wala kutu, andika namba uliyoiona.

Ukishajua unene, hesabu ya uzito ni rahisi na inakulinda: bati la chuma la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 1 lina kilo 7.85. Shiti la futi 8 kwa 4 lenye milimita 3 linakaribia kilo 70. Likiwa kwenye mizani lina kilo 62, hiyo milimita 3 ni ya mdomoni tu.

Unene pia ndio unaoamua kama kazi yako ni ya leza au ni ya mashine nyingine. Bati la milimita 1 mashine ya kilowati 3 inalipitia kwa makumi ya mita kwa dakika, unaona cheche tu. Pleti ya milimita 10 kwa oksijeni inakwenda karibu mita moja kwa dakika. Kuongeza ukubwa wa mashine hakusaidii sana hapo, kwa sababu oksijeni ina mwendo wake wa kuunguza chuma na hauharakishwi. Kipeperushi kitakwambia mashine inafika milimita 20. Inafika, kama gari linavyofika spidi 180. Uliza inakata nini kila siku bila kusumbua, na utasikia namba ndogo zaidi.

Na hapa niseme jambo kuhusu mageti, kwa sababu watu wengi wa mijini, Dar mpaka Nairobi na Kampala, wamelijua neno leza kupitia mageti yenye maua na majani yaliyokatwa. Mengi ya hayo yamekatwa kwa plazima, yaani umeme unaopita ndani ya hewa na kuifanya iwe moto kupita kiasi. Mfereji unaoachwa na plazima ni mpana zaidi, mara nyingi zaidi ya milimita moja, na ukingo unalala kidogo. Kwa ua la geti hakuna atakayeona. Usilipie leza kwa kitu kitakachotazamwa kutoka barabarani.

Unanunua dakika

Mteja mgeni anafikiri analipia chuma, kwa hiyo anashangaa bei inapopanda kwa kitu kidogo. Chuma unalipia, ndiyo, lakini kinachotofautisha bei ni muda wa mashine kukaa inawaka na idadi ya mara inapotoboa.

Chukua kisahani cha kipenyo cha milimita 200 kwenye pleti ya milimita 10. Mzunguko wake ni milimita 628, na mashine inatoboa mara moja kisha inazunguka. Sasa kiwe na tundu la katikati la milimita 100 na matundu manane ya bolti ya milimita 18 kila moja. Urefu wa kukata umefika milimita 1,395, zaidi ya maradufu, na mashine sasa inatoboa mara kumi. Kisahani kimekuwa chepesi na bei imepanda. Kila kutoboa kwenye pleti nene kunakula sekunde, kwa sababu mwale unachimba kutoka juu bila njia ya kutolea uji chini, na ukiharakishwa unarusha matone ya moto juu ya pleti na kuchafua pua.

Mfano mzuri zaidi ni chekeche la mashine ya kusaga. Kila baada ya muda mtu anaibuka na wazo la kukata chekeche kwa leza. Tuseme matundu ya milimita 1, yameachana milimita 2.5 kutoka kati hadi kati. Kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 10 yanaingia matundu 40 kwa 40, yaani 1,600. Chekeche la sentimita 90 kwa 20 lina vipande kama hivyo 18, kwa hiyo matundu 28,800. Tundu moja likichukua nusu sekunde tu, mashine itafanya kazi saa nne kamili kwa chekeche moja, na bati jembamba likipigwa moto mara 28,800 litajikunja kama chapati. Kiwandani chekeche hupigwa kwa mashine ya kutoboa kwa kubonyeza, safu nzima kwa pigo moja. Nenda dukani ukalinunue.

Kwa upande mwingine, vipande kumi vya aina moja havigharimu mara kumi ya kimoja. Kufungua mchoro, kuupanga, kulaza shiti na kurekebisha pua ni kazi ileile kwa kimoja na kwa hamsini. Na mpangaji akiwa hodari anavibananisha kwenye shiti kama sambusa kwenye kikaango. Ndiyo maana mimi hukusanya oda za wiki mbili na kupeleka mara moja.

Faili, na jinsi nilivyovunja tapu tatu

DXF ni mchoro wa mistari tu. Haina unene, haina maelezo, na mashine itaufuata kila mstari uliomo. Ukiacha vipimo vyako na fremu ya ukurasa ndani ya faili, asipokuwepo mtu makini wa kuvifuta, vitakatwa. Mstari uliojirudia juu ya mwenzake, kosa ambalo halionekani kabisa kwenye kioo cha kompyuta, unaifanya mashine ipite mara mbili na kuubabua ukingo. Duara ambalo halikufungwa, hata kwa nafasi ya nukta, linaifanya programu isijue ndani ni wapi na nje ni wapi.

Kujua ndani na nje ni muhimu kwa sababu mwale una upana. Unakula njia ya milimita 0.1 hadi 0.3, na zaidi kidogo kwenye pleti nene. Programu inausogeza mwale nusu ya upana huo upande wa taka ili kipande chako kibaki na kipimo ulichochora. Usijaribu kujirekebishia mwenyewe kwenye mchoro, utakuwa umesahihisha kitu ambacho mwenzako naye anakisahihisha. Chora kipimo halisi.

Vipimo viwe kwa milimita na umwambie hivyo kwa maneno. Faili lililochorwa kwa inchi likifunguliwa kwa milimita linapungua mara 25.4. Kikiwa kipande cha inchi 6, utaletewa kitu cha ukubwa wa kifungo cha kola. Mimi huandika kwenye ujumbe wa WhatsApp, "upana wote uwe 152.4," ili kijana apime kabla ya kuwasha.

Kwa vipande vya kupinda, elewaneni nani anapiga hesabu ya kunyoosha. Pembe ya mraba ya bati la milimita 3, yenye pande za nje za milimita 50 na 50, ikinyooshwa haifiki 100. Inakuwa kati ya 94 na 95, kutegemea mviringo wa kona. Ukichora 100, kila tundu lililo mbele ya kona litahama.

Sasa tapu, kile kifaa cha kukatia nyuzi za bolti ndani ya tundu. Nilikuwa na kitako cha mota, pleti ya milimita 10, na nilitaka matundu manne yenye nyuzi za bolti ya M10, yaani ya milimita 10. Kila fundi anajua nyuzi za M10 za kawaida zinakatwa kwenye tundu la milimita 8.5, kwa hiyo nikachora 8.5 na kujiona mwerevu, maana nimeokoa kazi ya kukeekee. Pleti ikarudi safi machoni. Tapu ya kwanza ikavunjika kwenye mzunguko wa pili. Ya pili nikaitia mafuta mengi, nikaenda nusu kwa nusu, ikavunjika. Ya tatu nilimpa kijana wangu mwenye mkono mwepesi, na tulisikia sauti ileile ya kioo. Nilikwenda kulalamika karakana, nikarudi na somo badala ya fidia.

Makosa yalikuwa mawili na yote yangu. Kwanza, tundu lililo dogo kuliko unene wa pleti linaleta shida: joto halina pa kukimbilia, uji unakwama, na ukuta wa ndani unatoka na mabonde. Kama kanuni ya mkono, kipenyo kisipungue unene. Mashine nzuri inaweza kushuka chini ya hapo, lakini usiitegemee. Pili, ukingo uliokatwa kwa leza umepashwa ghafla na kupozwa ghafla na chuma baridi kinachouzunguka. Hivyo ndivyo wahunzi wanavyokaza panga, na ngozi nyembamba ya ukuta wa tundu inakuwa ngumu kuliko chuma kilichobaki. Tapu inaanza kazi kwenye ngozi hiyo. Tangu siku ile, kwenye pleti nene naomba leza initie alama tu pale katikati ya tundu, nami nalitoboa kwa drili. Alama za leza ziko mahali pake barabara, hakuna kupima, hakuna kupiga senta. Kwenye pleti ya milimita 6 nakata tundu la 8 na kulipanua kwa drili ya 8.5, ngozi ngumu inaondoka.

Matundu ya bolti za kupita tu hayana shida hiyo, ila yape nafasi. M8 ipite kwenye 9, M10 kwenye 11, M12 kwenye 13.5. Ukichora 10 kwa bolti ya 10 halafu kipande kikapakwa rangi ya poda, utakuja kugonga bolti kwa nyundo mbele ya mteja.

Neno moja kuhusu macho, nalo nalisema kwa sababu nimeona watu wakisimama kushangaa mashine isiyo na kuta. Leza za fiba, ambazo ndizo zimeenea sasa, zinatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 1.07. Jicho haliuoni, lakini lenzi ya jicho inaupitisha na kuukusanya nyuma kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga. Mwale unaoruka kutoka kwenye bati linalong'aa unatosha kudhuru. Kinyago cha kuchomelea au miwani ya jua si kinga iliyopimwa kwa mwanga huo. Kama mashine iko wazi, subiri nje.

Swali la nne

Nirudi kwa mzee. Nilimsogelea nikamuuliza zile nyundo za zamani zilitengenezwa kwa chuma gani. "Springi ya lori," akajibu, kama mtu anayeulizwa ugali unapikwa kwa nini. "Fundi wangu ananunua jani la springi, anakata, anatoboa."

Hilo ndilo swali ambalo kaunta haikuliuliza. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, kinakazika, na kinastahimili kupigana na mahindi kutwa. Pleti ya kawaida iliyolala pale karakana ina kaboni kidogo na ni laini. Ikikatwa kwa leza ingetoka nzuri kama picha, kona kali, matundu mamoja, halafu ingelika haraka na mzee angerudi akiamini ametapeliwa. Leza haikipi chuma sifa ambazo hakina.

Kijana akathibitisha: "Hapa tuna maildi, hicho chuma cha kawaida, na stenlesi tu, mzee. Labda ulete chuma chako." Mzee akaanza kuifunga nyundo yake kwenye gazeti. Lakini alipokuwa akifunga akaeleza kwa nini alitaka kujaribu mashine mpya: kinu chake kinatetemeka mpaka bolti za msingi zinalegea, na pini ya kushikia nyundo haipiti mpaka igongwe.

Hapo nikaona kazi ya leza ilipo. Ndani ya kinu hicho kuna visahani kadhaa vilivyovaa shafti moja, na pini ndefu zinapita kwenye matundu ya visahani vyote, nyundo zikining'inia juu yake. Fundi akitoboa matundu kwa mkono, kisahani baada ya kisahani, kila kimoja kinahama kidogo. Pini inabanwa, na uzito hauko sawa pande zote, kwa hiyo kikizunguka kwa kasi kinatikisa nyumba. Ugumu wa chuma hapo si hoja kubwa. Hoja ni matundu kuwa mahali pamoja kwenye kila kisahani, na hakuna mkono unaoshindana na leza kwa hilo.

Kijana akavuta kiti karibu na kompyuta. Mzee akampigia simu mwendesha kinu wake. "Pima shafti. Hapana, si kwa futikamba, kwa vernia! Ipo kwenye droo." Namba zikaja moja moja: shafti 40, kisahani 300, pini nne za 16. Unene mzee aliujua kwa kichwa, milimita 10. Matundu ya pini yakachorwa 17. Tundu la shafti nikamshauri liachwe 39, mkerezaji amalizie hiyo milimita moja kwenye mashine ya kukereza, kwa sababu ukuta wa leza kwenye pleti nene unalala kidogo na shafti inataka kukaa bila kucheza. Kwa dakika kumi hivi mchoro ulikuwa umekamilika, na mzee aliyekuja bila faili alikuwa nalo, kwa visahani vinne, chuma cha kawaida, oksijeni.

Alilipa, kisha akachungulia kwenye kioo cha kompyuta, akaweka kidole juu ya duara la katikati.

"Na haya yanayodondoka hapa ni ya nani?"

Kijana akasema hayo ni taka, yanabaki karakana.

"Mraba wote si nimeulipia mimi? Nifungie na hayo manne. Nitayatoboa niyafanye washa za bolti."

Kijana akanitazama, akacheka, akaandika kwenye stakabadhi: *na vidonge vinne vya katikati*.